Main Course ya Bee Gees: walibadilika kweli au walipakwa rangi?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mtaalamu, nimekua nikizisikia nyimbo za disko za Bee Gees, zile za 1977. Juzi nimeipata santuri yao ya Main Course ya mwaka 1975, ambayo husemwa ndiyo iliyowafufua kwa kuwapa sauti ya kisasa. Upande wa kwanza umenikonga moyo. Nilipogeuza, nikahisi nimewekewa kundi jingine: magitaa ya mashambani, huzuni za polepole, mambo ya kale. Je, hawa watu walibadilika kweli, au prodyuza alizipaka rangi nyimbo chache za mbele basi? Na kama walibadilika, kitaalamu ni kitu gani hasa kilichobadilika?"

Ndugu yangu, masikio yako hayana kasoro. Main Course ni santuri yenye nyuso mbili, na anayekuambia kuwa ni disko tangu sindano inapotua hadi inapoinuliwa hajaisikiliza, amesoma habari zake tu. Tunapotofautiana ni kwenye hilo neno "rangi". Rangi hupakwa juu. Kilichobadilika hapa kilibadilika chini, kwenye msingi. Ndiyo maana kinasikika kwenye nyimbo zilizojengwa upya tangu chini, na hakisikiki kwenye zile zilizokuwa zimeshasimama.

Kwanza uielewe hali waliyokuwa nayo. Mwaka 1975 ulipoingia, Barry Gibb alikuwa na miaka 28, na wadogo zake mapacha, Robin na Maurice, walikuwa na 25. Umri huo leo tungewaita chipukizi. Lakini hawa walianza kuimba mbele za watu wakiwa watoto, rekodi yao ya kwanza ilitoka Australia mwaka 1963, na Main Course ilikuwa albamu yao ya 13 ukizihesabu zile mbili za Australia. Walishavuma London mwaka 1967, wakavunjika, wakarudiana, wakashika namba moja Marekani mwaka 1971 kwa "How Can You Mend a Broken Heart", kisha kisima kikakauka. Albamu moja waliyoirekodi mwaka 1973 ilikataliwa na kampuni, haikutolewa. Mwaka 1974 walikuwa wakitumbuiza Batley, kaskazini mwa Uingereza, kwenye klabu ambako watu huendelea kula chakula chao cha jioni huku msanii akiimba. Mtu aliyeshika namba moja Marekani akiimba huku vijiko vinagongana na sahani anajua mwenyewe amefika wapi.

Wakapelekwa kwa Arif Mardin. Huyu ni mzaliwa wa Istanbul aliyekuwa mmoja wa nguzo za kampuni ya rekodi ya Atlantic, prodyuza na mpangaji wa muziki aliyefanya kazi na Aretha Franklin. Wakatengeneza naye Mr. Natural, iliyotoka 1974. Marekani ilifika nafasi ya 178.

Hapo naomba usimame kidogo, kwa sababu jibu la swali lako linaanzia kwenye namba hiyo. Kama siri ingekuwa prodyuza peke yake, Mr. Natural ndiyo ingekuwa albamu ya ufufuo. Mardin alikuwa yule yule, na sikio lake lilikuwa lile lile. Ukiisikiliza leo utagundua kwamba juhudi ipo, dramu zimeongezwa nguvu na sauti za kuitikia zina ukali fulani wa soul, ule muziki wa hisia kali wa Wamarekani weusi. Lakini nyimbo zenyewe zimeandikwa kwa njia ya zamani, halafu zikavalishwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na Mr. Natural ina sehemu kadhaa ambapo matako yanaonekana.

Basi kati ya 1974 na mwanzo wa 1975 kiliingia nini ambacho hakikuwapo?

Iliingia nyumba. Mpiga gitaa Eric Clapton alikuwa amerekodi albamu yake ya 1974 kwenye studio za Criteria, Miami, na akaiita kwa anwani ya nyumba aliyofikia, 461 Ocean Boulevard. Clapton na Bee Gees walikuwa chini ya meneja mmoja, Robert Stigwood, na wazo la kwenda Florida likawajia kwa njia hiyo. Ndugu watatu wakafikia kwenye nyumba ile ile. Ukitaka kujua kwa nini jambo hili ni la kiufundi na si la utalii, fikiria walivyokuwa wakifanya kazi mpaka mwaka 1972. Ndugu hukaa na gitaa na kinanda, hutunga wimbo kwa sauti zao, huurekodi, kisha Bill Shepherd, mpangaji wao wa okestra, huandika sehemu za vayolini na tarumbeta za kuuzungushia. Mdundo ulikuwa mgeni mwalikwa. Ulikuja mwisho, ukakaa nyuma, ukapiga kwa adabu. Hata walipokuwa ziarani walisafiri na okestra.

Miami walikwenda na bendi. Mpiga dramu alikuwa Dennis Bryon, mpiga gitaa Alan Kendall, Maurice mwenyewe akishika besi, na kwenye vinanda akaja mtu mpya, Blue Weaver, aliyewahi kupiga pamoja na Bryon katika kundi la Amen Corner la Cardiff. Watu hawa wakawa wanaingia studio pamoja na kupiga pamoja huku wimbo bado haujakamilika. Weaver alikuja na sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, na, muhimu zaidi, na tabia ya kujibu wazo la mwenzake pale pale. "Songbird", wimbo wa nne wa upande unaoupenda, una jina lake miongoni mwa watunzi. Kwa ndugu waliozoea kutunga wao kwa wao, mlango huo kufunguliwa ni jambo kubwa kuliko chombo chochote walichonunua.

Hata hivyo hawakubadilika siku waliyoshuka. Nyimbo walizofika nazo zilikuwa bado za mtindo wao wa miaka iliyopita, na "Country Lanes" unayoilalamikia ni ya ukoo huo. Mardin akawatia moyo wasikilize kilichokuwa kikipigwa redioni Marekani wakati ule, muziki wa watu weusi hasa. Hakuwa akiwaambia jambo la kinadharia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ametoka kuitengeneza albamu ya Average White Band, Waskoti weupe waliopiga fanki, na wimbo wao "Pick Up the Pieces" ulishika namba moja Marekani Februari 1975, wakati Bee Gees wakiwa studioni. Na pale pale jirani, Hialeah, kampuni ya TK ilikuwa imetoa "Rock Your Baby" ya George McCrae mwaka 1974, wimbo uliosimama juu ya mashine ya mdundo na ukashika namba moja pande zote mbili za Atlantiki. Miami ilikuwa imeshaanza kucheza kabla Bee Gees hawajafika.

Sasa tuingie kwenye "Jive Talkin'", kwa sababu hapo ndipo msingi ulipohama. Kila siku walipokuwa wakienda studio, gari lao lilipita juu ya daraja, na magurudumu yalipokuwa yakivuka viungo vya daraja yakatoa mlio wa kurudiarudia: chaka-chaka, chaka-chaka. Linda, mke wa Barry, ndiye aliyewazindua wausikilize. Barry akaanza kuimba juu ya mlio huo. Unaona kilichotokea? Kwa mara ya kwanza wimbo haukuanza na sauti tamu wala na neno la huzuni. Ulianza na mdundo, na sauti ikatafuta mahali pa kukaa. Maneno yenyewe yalikuja baadaye kiasi kwamba ndugu hao walidhani "jive talking" ina uhusiano na dansi, mpaka Mardin alipowaeleza kuwa kwa Wamarekani weusi maana yake ni porojo na ulaghai wa maneno. Ikabidi mashairi yarekebishwe yawe ya mtu anayemshutumu mpenzi wake kwa uongo. Mtunzi wa zamani angeona aibu kuandika wimbo kwa mpangilio huo. Kumbe ndio mpangilio uliowaokoa.

Usikilize mwanzo wake kwa spika nzuri au kwa vipokea sauti vya masikioni. Kwanza gitaa, nyuzi zimezibwa kwa kiganja, halitoi noti ila mkwaruzo tu. Hilo ndilo daraja. Kisha dramu kubwa ya mguu inagonga chini yake, kavu, bila mwangwi. Kisha besi. Besi hiyo Weaver aliipiga kwa sintesaiza ya ARP 2600, na tofauti yake na besi ya nyuzi utaisikia tumboni kabla ya sikioni: noti inaanza ghafla, nene, kama mtu anayeweka gunia chini, na inakatika pale inapotakiwa kukatika. Juu ya vitu vitatu hivyo kuna nafasi tupu. Ukija kutoka kwenye rekodi zao za 1968, ambamo kila pengo limejazwa vayolini, nafasi hiyo tupu itakushtua kuliko sintesaiza. Kwa maoni yangu usasa wa "Jive Talkin'" uko kwenye vitu walivyoviacha. Sintesaiza yeyote angeweza kuinunua. Kumwambia mtu mwenye okestra kichwani anyamaze kwa sekunde kumi na tano ni kazi nyingine.

Vayolini halisi bado zimo kwenye albamu, Mardin alizipanga mwenyewe. Ila zimesogezwa nyuma zikawa pazia. Kwenye "Wind of Change" kuna ngoma za konga za Ray Barretto na saksafoni ya Joe Farrell, wapigaji wazito wote wawili, lakini hata hao wanaitumikia dramu.

Halafu kuna habari ya sauti. "Nights on Broadway" ilipokuwa inakamilishwa, Mardin aliomba mmoja wao apige kelele mwishoni, kelele zenye noti, kama waimbaji wa soul wanavyofanya wimbo unapofunga. Barry akajaribu, na kilichotoka kikawa falseto: ile sauti nyembamba ya juu ambayo mwanamume huipata akiiachia sauti yake ya kifuani. Hakujua kuwa anayo kwa kiwango hicho. Watu wengi hudhani falseto ya Bee Gees iliundwa makusudi kwa ajili ya disko. La. Ilianza kama pambo la sekunde za mwisho, kwenye wimbo ambao katikati yake unapunguza mwendo kabisa na kugeuka kuwa balladi ya zamani, kisha unarudi mbio. Nikikutana na mtu anayefundishwa kuchanganya sauti humpa wimbo huu. Sehemu ile ya polepole ni Bee Gees wa 1967, kinachoizunguka ni cha 1975, na mshono hauonekani kwa sababu watu watatu wale wale wanaimba juu ya vyote viwili.

Hilo la watu watatu ndilo hasa ambalo halikubadilika, na ni nusu ya jibu lako. Sauti tatu za ndugu, zilizokua kwenye nyumba moja, hukutana kwa namna ambayo waimbaji wa kukodi hawawezi kuiga: irabu zinafunguka pamoja, pumzi zinakatika pamoja. Mardin hakuzigusa. Sikiliza "Fanny (Be Tender with My Love)", uliopewa jina la mwanamke aliyekuwa akiwatunzia nyumba ile ya Ocean Boulevard. Ufunguo wa wimbo, yaani kimo ambacho noti zake zote zimejengwa juu yake, unapandishwa kwa namna ambayo Weaver alikiri kuichukua kutoka "She's Gone" ya Hall na Oates, wimbo wa albamu nyingine iliyopita mikononi mwa Mardin. Wazo ni la kuazima, lakini tabaka za sauti zinazopanda na ufunguo huo ni zao wenyewe. Hapa nguo imekaa mwilini.

Na ilikaa kwa sababu mwili ulikuwa tayari. Soul haikuwa ngeni kwao. "To Love Somebody" ya 1967 iliandikwa ikimlenga mwimbaji wa soul Otis Redding, aliyefariki Desemba mwaka huo. Nina Simone aliuimba. Al Green alipoichukua "How Can You Mend a Broken Heart" mwaka 1972, aliuimba taratibu kama mtu anayesali, na ukausikia wimbo uliokuwa umejificha ndani ya wimbo. Waimbaji weusi walishasikia ndani ya Bee Gees kitu ambacho Bee Gees wenyewe walikuwa wamekifunika kwa okestra. Kwa hiyo ukiniuliza Miami iliwapa nini, nitasema iliwafunua zaidi ya ilivyowapa.

Upande wa pili sitautetea sana. "All This Making Love" una vurugu isiyokwenda popote. "Come On Over" ni wimbo mzuri wa kantri, na Olivia Newton-John aliyeuchukua mwaka 1976 aliuweka kwenye nyumba iliyoufaa zaidi. "Country Lanes" Robin anauimba kwa ile sauti yake ya kutetemeka, na kama humpendi Robin hapo hutampenda popote. Mimi nampenda, lakini sidanganyi kuwa ni usasa. "Edge of the Universe" ni kesi tofauti. Kwenye santuri umekaa kama roki ya kawaida. Walipoupiga jukwaani na bendi hiyo hiyo ukapata misuli, na toleo la jukwaani likatolewa kama singo mwaka 1977. Wimbo ulikuwa mzuri, ila ulirekodiwa mapema mno katika maisha ya bendi.

Kuhusu mapokezi nitasema machache. Jina la Bee Gees lilikuwa mzigo kiasi kwamba nakala za "Jive Talkin'" zilipelekwa kwa watangazaji wa redio bila jina lolote kwenye lebo, wausikilize kwanza wajue baadaye. Agosti 1975 ukawa namba moja Marekani, na Uingereza ukafika namba 5. "Nights on Broadway" ukafika namba 7 Marekani. Albamu yenyewe ilikomea namba 14 huko.

Umeuliza kama walibadilika kweli. Mahali pa kupima ni kile kilichofuata baada ya Mardin kuondoka. Kampuni ya Stigwood, RSO, ilihamisha usambazaji wake kutoka Atlantic, na Mardin akiwa mtu wa Atlantic hakuweza kuendelea nao. Wangekuwa wamepakwa rangi tu, mvua hiyo ingeisafisha yote. Badala yake walibaki na bendi ile ile, wakashika usukani wenyewe pamoja na Karl Richardson, fundi mitambo wa Criteria, na mwanamuziki Albhy Galuten, na mwaka 1976 wakatoa Children of the World yenye "You Should Be Dancing", namba moja nyingine. Mwaka 1977 wakiwa Ufaransa, Bryon alilazimika kuondoka kwa sababu za kifamilia. Wenzake wakakata kipande cha utepe chenye dramu zake za "Night Fever", wakakiunganisha kiwe duara, wakakizungusha bila kikomo na kujenga "Stayin' Alive" juu yake. Ni daraja lile lile la Miami, safari hii limetengenezwa kwa mkasi na gundi.

Kuna na ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1981 walitoa Living Eyes. Falseto waliiweka kando kwa sehemu kubwa, na Weaver, Bryon na Kendall hawakuwapo tena; nafasi zao zilishikwa na wapigaji wa studio wa daraja la juu kabisa, akiwamo Steve Gadd kwenye dramu. Kila noti iko mahali pake. Albamu hiyo ndiyo iliyotumiwa na kipindi cha Tomorrow's World cha BBC kuwaonyesha watazamaji kitu kipya kiitwacho CD, kwa hiyo kwa umbo hakuna albamu yao iliyokuwa ya kisasa kuliko hiyo. Marekani ilifika namba 41. Ni kweli chuki dhidi ya disko tangu 1979 ilichangia, na aliyewalaumu kwa hilo aliwaonea. Lakini ukiisikiliza leo, chuki ile ikiwa imeshakufa, bado inasikika kama watu watatu wanaoimba juu ya muziki uliopigwa chumba cha pili.

Sasa rudi kwenye santuri yako. Nina hakika upande wa pili huumalizi, kwa hiyo wimbo wa mwisho hujaupa nafasi. Unaitwa "Baby As You Turn Away". Kwa sura ni balladi ya upole, gitaa na huzuni, ya kale kuliko zote. Lakini sikiliza beti zake, si kibwagizo. Barry anaziimba kwa falseto tangu mstari wa kwanza, taratibu, bila kupiga kelele, kama mtu anayejaribu ufunguo mpya kwenye kufuli la nyumba yake mwenyewe.